Matanga ya Mutunga

Watu wa Umoja walicheka mpaka wakafuta machozi siku mashua ya kwanza ilipoingia mtaani ikiwa juu ya lori. Mtaa wenyewe maji ya bomba huja yanapotaka, akina mama wamepanga mitungi ya njano kibarazani tangu alfajiri, halafu mtu analeta mashua. Mmoja aliuliza kama ni ya kuhifadhia maji. Mwingine akasema labda Batulo amepata habari za gharika ambazo wachungaji bado hawajaletewa. Batulo mwenyewe alisimama mlangoni mwa duka lake la turubai, mkono kiunoni, akicheka pamoja nao huku akiwaonyesha vijana pa kuishusha.

Nthambi hakucheka. Alikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya lango la ploti ya nyumba za kupanga anayokaa, na aliyekuwa akiendesha lile lori alikuwa mume wake.

Mutunga alikuwa dereva wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, mzaliwa wa Mwingi ambako mto ni mchanga karibu mwaka mzima. Jioni ile alimweleza mkewe kwa maneno machache. Batulo anaanzisha klabu ya mashua za tanga, kwa ajili ya watoto wa mtaa. Mvua zikinyesha, mashimo ya machimbo ya mawe hujaa maji, watoto wanaenda kuogelea, na kila mwaka kuna mzazi anayerudishiwa nguo tupu. Batulo amezika mtoto wa jirani yake na amesema basi, hawa watoto watayajua maji kabla maji hayajawajua wao. Klabu haitafuti faida. Mwalimu Nzivo, yule mstaafu, amewasaidia kuisajili, na kuna mkulima nje ya mji, kule Barabara ya Kangundo, aliyewaruhusu kutumia bwawa lake.

Nthambi aliuliza mashua zinatoka wapi. Mutunga akasema zinatolewa bure. Kuna watu Naivasha na Karen wana mashua kwenye mabanda, zimejaa vumbi, kuku wanatagia ndani, mwenyewe amezeeka au watoto wake wamehamia ng'ambo. Batulo anawaomba. Kazi ya Mutunga ilikuwa kuzibeba Jumamosi, maana tajiri wake amekubali kuwaazima lori.

"Na yeye Batulo anakupa nini?" Nthambi aliuliza.

"Chai," alisema Mutunga, akaendelea kula.

Baadaye Nthambi alilifikiria sana lile jibu.

Klabu ikakua. Batulo alikuwa mkali kuhusu zawadi kuliko wengi wanavyokuwa wakali kuhusu kununua. Hakupokea mashua kabla hajaigonga tumboni kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Kuna watu walitaka tu kusafisha banda, nao aliwashukuru akawaachia takataka zao. Iliyokuwa mbovu ya kutengenezeka aliipokea, na aliyeitoa alikaribishwa siku ya kuiingiza majini, aione ikielea. Ua wa nyuma ya duka ukajaa mashua zimelala kifudifudi kati ya mapipa na marundo ya turubai, na watoto wakipiga msasa mpaka wakawa weupe kama waliotoka kusaga unga kwenye posho mill.

Nthambi aliyaona haya yote kutoka ng'ambo. Hakuwa mtu wa kwenda kuuliza. Alikuwa mtu wa kuona, kunyamaza, kuyapeleka kwa Mungu, na kuyakumbuka. Aliona kwamba Jumamosi mume wake anajitafutia mwenyewe shati, yeye ambaye siku nyingine hujui kama anajua kabati liko wapi. Aliona anarudi na matope hadi magotini. Siku moja alirudi nywele zimelowa, akasema amenyeshewa. Nthambi alitoka nje akaangalia mbingu. Umoja hakukuwa na hata wingu la kusingizia.

Na aliona Batulo alivyo. Mrefu, aliyeachana na mume zamani, mwenye kucheka mdomo wazi bila kuuficha kwa mkono. Alizaliwa hapa hapa Nairobi, lakini baba yake alitoka Kismayu na alikuwa mtu wa bahari, na Kiswahili cha Batulo kilikuwa na mambo ya huko. Kubwa kuliko yote, alimwita mume wa Nthambi kwa jina. Mtaa mzima ulisema Baba Mutheu. Nthambi mwenyewe, tangu binti yao Mutheu azaliwe hadi akaolewa Kitui, hakuwahi kulitamka jina la mume wake wakiwa wawili wala mbele za watu. Lakini Batulo alisimama barabarani na kupaza sauti: "Mutunga, rudi nyuma! Mutunga, kata kulia!" Kama watu waliochunga mbuzi pamoja.

Kisha Mutunga akafa. Alianguka kazini, presha, na kabla hawajamfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka. Matanga yalikaliwa Umoja, mazishi yakawa Mwingi. Batulo alikuja na wanawake wa kwao, akakaa nyuma kabisa kwenye mkeka, akalia. Nthambi katikati ya kilio chake mwenyewe aliyapima yale machozi. Aliyaona ni mengi kwa mtu aliyekuwa akitoa chai.

Lakini siku ile ya kaburi ilipita salama. Nthambi alikuwa amehudhuria mazishi mengi, na aliwahi kuona mwanamke mgeni akijitokeza udongo ukiwa bado haujarudishwa, ameshika watoto wenye pua ya marehemu. Kwake hakujitokeza mtu. Alimshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa jeneza zuri. Kanisani wakawa wanamtaja, Mama Mutheu, mume wake alikuwa mtu wa mke mmoja. Wakamchagua kuongoza maombi ya wajane. Mwaka mzima aliishi kwa neno hilo. Kwake ndilo lililokuwa nyumba, shamba na mirathi.

Ilikuwa katikati ya wiki, yuko saluni kwa Whitney, kichwa kimeshasukwa nusu, Whitney akamwambia kwa kumlaumu.

"Lakini Mama Mutheu, si ungenishow mapema? Matanga ni Jumamosi na bado hata sijakuwekea siku ya kutengeneza hizi nywele vizuri. Saa hii nasuka kama tunakimbizwa."

"Matanga ya nani?"

"Ya mzee wako, si wameandika pale kwa Batulo? Na wanachanga. Hata mimi nimetoa kitu kidogo."

Mtu mwingine angeruka kwenye kiti. Nthambi alisema, eh, hayo. Alikaa mpaka msuko wa mwisho ukafungwa, akalipa, akajifunga kitambaa, akavuka barabara kama mtu anayeenda kununua nyanya. Nje ya duka la turubai palisimamishwa ubao, umeandikwa kwa chaki, herufi kubwa:

MATANGA YA MUTUNGA JUMAMOSI ASUBUHI. WALIOCHANGIA NA WASIOCHANGIA, KARIBUNI NYOTE.

Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia na wanawake wanacheka.

Alirudi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Wajane wawili ndio hufanya matanga mawili. Alilijua hilo na kila mtu Umoja alilijua. Batulo alikuwa amengoja mwaka uishe, amemwacha Nthambi asifiwe mpaka ashibe, ndipo ajitokeze. Kisha likamjia wazo baya zaidi. Huenda Mutunga alioa huko kwa dini ya kina Batulo, kimya kimya, kwa watu wachache na sahani ya wali. Huenda alipewa na jina jingine. Huenda kule Mwingi, chini ya ule msalaba uliopakwa rangi nyeupe, amelala mtu ambaye yeye hamjui anavyoitwa.

Alipiga magoti aombe, na kila alipoanza kuongea na Mungu alijikuta anagombana na Batulo.

Siku iliyofuata walikuja akina mama wa kanisa, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Ndete. Walileta unga na sukari, na nyuso zimenuna kidogo. Mama Ndete alisema wao si watu wa kusoma matanga ya ndugu yao kwenye ubao wa duka kama tangazo la sabuni. Nthambi angeweza kusema pale pale kwamba matanga yale si yake. Angesema hivyo, jioni ile ile lile neno la mke mmoja lingekuwa limekufa, na wao ndio wangekuwa wa kwanza kulizika. Akapokea unga, akapokea sukari. Akasema mambo yalikuwa ya ghafla, lakini Jumamosi wakutane kwake kisha waende pamoja. Kama kuna matanga ya Baba Mutheu, mwenyewe ni yeye, na atayachukua mikononi mwa huyo mwanamke mbele ya macho yote.

Jumamosi walivuka barabara kwa mstari, vitambaa vya kanisa kichwani, wakiimba. Watu walisimama kuwapisha. Wakaingia hadi ua wa nyuma, wimbo ukapungua wenyewe. Hapakuwa na hema, ajabu kwa nyumba ya kuuza hema. Hapakuwa na viti. Katikati ya ua palitandikwa kitambaa cheupe kikubwa, na Batulo alikuwa amekipigia magoti, pini mdomoni.

Nthambi alikiona kitambaa, akasema moyoni, Bwana, hii ni sanda.

Batulo aliinua uso, akafurahi waziwazi. Alisema, kwa kuzuiwa na zile pini, kwamba alitamani sana kumwalika Mama Mutheu, ila aliogopa kumtonesha, na sasa tazama, Mungu amemleta na wageni. Mama Ndete hakungoja zaidi. Aliinamisha kichwa akaomba dua ndefu ya kumkumbuka marehemu, mjane wake na ukoo wake, na Batulo akainama pamoja nao kwa adabu, akishangaa kidogo. Waliposema amina, Nthambi alipiga hatua mbele.

"Batulo, hawa ni mashahidi. Niambie mbele yao, mume wangu alikuoa lini?"

Batulo alitoa pini mdomoni, moja moja. "Alinioa mimi?"

"Mwanamke hafanyi matanga ya mume wa mwenzake."

Batulo alimtazama yeye, akatazama vitambaa vya kanisa, akatazama mfuko wa unga kichwani mwa mama mmoja. Kisha akashika pembe ya kile kitambaa cheupe akaiinua taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto.

"Mama Mutheu, matanga ndiyo haya. Ya mashua. Hili tanga kubwa, na lile pale ni tanga dogo. Yanashika upepo. Mashua yenyewe ndiyo inaitwa Mutunga. Sisi kwetu nyumbani ya wafu tunasema msiba, tunasema hitima. Wallahi halikunijia kabisa."

Cherehani ilisimama. Wa kwanza kuvunjika alikuwa Mama Ndete. Alianza kutikisika mabega, akajizuia, akashindwa.

"Jamani," alisema, "tumeletea mashua unga."

Ua wote ukacheka. Mama mwenye mfuko aliutua chini ili acheke vizuri. Batulo naye alicheka, mdomo wazi kama kawaida yake, halafu akaona Nthambi hacheki, akafunga mdomo.

Nafuu ilimjia Nthambi, hilo haliwezi kukataliwa. Ilikuja, ikakaa kidogo kama mgeni mwenye haraka, ikaondoka. Alimvuta Batulo hadi nyuma ya rundo la turubai, akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini jina la mume wake, wakati Nairobi ina majina mengi hivi.

Batulo akamweleza. Mashua hii ndiyo ya mwisho aliyoibeba Mutunga. Ilitoka Naivasha ikiwa na ufa tumboni na bila tanga hata moja, wengine wakasema iachwe huko, yeye akasema hapana, hii itapona. Alipokufa watoto wakaitengeneza, na walipoulizwa jina hawakubishana. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia nao majini, anawashika tumbo mpaka waache kuogopa.

"Baba Mutheu hajui kuogelea," alisema Nthambi.

"Alikuwa anajua. Nilimfundisha mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mashua ya kwanza. Akajifunza na tanga pia, alilipenda sana. Alisema nisiwahi kukuambia. Alisema ukijua anaingia majini hutalala."

Nthambi alishika turubai lililokuwa karibu. Kama huyu mwanamke angemwibia mume kitandani, angejua la kufanya. Hayo yana maombi yake, yana kamati yake kanisani, yana hata wimbo. Lakini huyu alikuwa amempa mume wake furaha, furaha ya Jumamosi kwa Jumamosi, ya mtu mzima aliyezaliwa penye mto wa mchanga, na yeye mkewe alikuwa anafua yale matope bila kujua ni matope ya nini. Kwa hilo hakuna kamati.

"Alikuwa anacheka?" aliuliza.

"Nani?"

"Huko majini. Alikuwa anacheka?"

Batulo alisita. "Sana," alisema.

"Na hiyo chai. Ilikuwa chai tu?"

"Chai tu, Mama Mutheu."

"Bila kitu?"

"Labda na mahamri."

"Mangapi?"

"Mama Mutheu, sikuwa nayahesabu mahamri ya mtu."

Batulo alisokota uzi kidoleni, kisha akasema, polepole, akitazama chini. "Nikwambie ukweli?"

"Huo ndio umenivusha barabara."

"Hakuna baya lililokuwepo kati yetu, na naweza kuapa popote utakaponipeleka. Lakini nilikuwa nakuonea wivu. Upepo uwe mzuri namna gani, jua likishafika hapa utosini anageuza mashua. Namwambia, Mutunga, subiri kidogo, hakuna siku kama hii. Anasema, Mama Mutheu ameshapika. Nilikuwa nalichukia hilo neno. Mimi narudi kwa cherehani, yeye anarudi kwa mtu."

Nthambi aliyapima haya maneno kama alivyoyapima yale machozi. Hayakuondoa kitu. Lakini lile la Mama Mutheu ameshapika lilikuwa lake peke yake, na alilichukua.

Batulo akasema kama jina linamuumiza atalifuta leo leo, watoto atawaeleza yeye. Kwa muda Nthambi alitamani sana kusema, futa. Alilionja neno mdomoni. Halafu akawaza: likifutwa, ile furaha itabaki ya Batulo peke yake, haina jina, haina mahali mtu anaweza kuiangalia.

"Usifute," alisema. "Lori linaondoka lini?"

Walipotoka, Mama Ndete alikuwa ameshaamua kwamba unga haurudi nyumbani. Watoto watapikiwa huko huko bwawani, na wao akina mama hawajavaa hivi vitambaa bure. Wakapanda nyuma ya lori pamoja na mashua na watoto. Dereva siku hizi alikuwa Munyoki, kijana wa kazini kwa marehemu. Batulo alifungua mlango wa mbele, mahali alipozoea, akakuta Nthambi ameshasimama hapo anangoja kupanda. Alimpisha. Akaenda nyuma kukaa juu ya magunia, na njia nzima Nthambi alimsikia akifundishwa wimbo wa kanisa na kuukosea.

Bwawa halikuwa kitu kikubwa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe upande wa pili, matete. Nthambi alisimama ukingoni akalitazama kwa muda mrefu kama anavyotazamwa mtu aliyesikika sana habari zake. Ilikuwa ni hapa tu. Aliudhika kwamba palikuwa pazuri.

Watoto, wamevaa majaketi ya kuelea, waliingiza mashua majini, wakafunga yale matanga mapya mlingotini, bado yamekunjwa. Jina lilikuwa limepakwa ubavuni kwa rangi ya buluu. Batulo aliingia hadi magotini akashika kamba ya kulipandishia tanga kubwa, watu wakimngojea. Kisha akageuka, akamtafuta Nthambi kwa macho. Kwenye kaburi, udongo wa kwanza ni wa mjane. Hilo Batulo alikuwa ameliona kwa watu wengi wa mtaani, na kwa hilo hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

"Njoo," alisema.

Nthambi alivua viatu, akavipanga pamoja juu ya jiwe, akaingia na sketi yake ya kanisa. Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyodhani. Akapokea kamba. Akavuta, tanga likapanda kidogo, upepo ukalishika, likakwama. Akavuta tena. Lilikuwa zito, na mikono yake haikujua kazi hii. Nyuma yake alisikia maji yakisogea, akaona mkono wa Batulo unakuja kushika kamba juu ya wake, mkono unaojua.

"Acha," alisema Nthambi. "Ni matanga ya mume wangu."

Batulo aliurudisha mkono. Nthambi akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote, akavuta, akapumzika, akavuta, na tanga likapanda hadi juu, limepinda kidogo upande mmoja. Batulo aliona lilivyopinda. Nthambi aliona kwamba ameona. Watoto waliruka ndani, mashua ikaondoka hivyo hivyo, na wale wanawake wawili wakabaki majini hatua chache kati yao, kila mmoja akiitazama kana kwamba mwenzake hayupo.